Nyumba Iliyopinda ya Himley

Nimezaliwa Mwadui, mkoani Shinyanga, kwenye nyumba ya Kiislamu, na kwetu baa ilikuwa mahali pa kupita upesi huku ukitazama mbele. Kwa hiyo wanaonifahamu hushangaa wakinisikia nikiizungumzia baa moja ya Uingereza kwa uchungu. Haipo tena. Iliungua usiku wa Jumamosi, tarehe 5 Agosti 2023, na Jumatatu yake ikabomolewa. Naandika habari zake kwa sababu nilikaa ndani yake, nikapokelewa vizuri ndani yake, na yaliyoipata yalinifundisha jambo ambalo nadhani hata sisi wa nyumbani tunalihitaji, tena haraka.

Ilikuwa Himley, pembezoni mwa Dudley, katikati ya Uingereza, upande ule ambao wenyeji wanauita Black Country kwa ajili ya makaa ya mawe na moshi wa viwanda vya zamani. Ukiacha barabara kuu unaingia kijia chenye miti pande zote mbili, unakwenda mpaka unahisi umepotea, halafu inakutokea nyumba ya matofali mekundu, ya ghorofa moja, imelalia ubavu. Sisemi ufa au ukuta uliobonyea. Upande mmoja ulikuwa chini kuliko mwenzake kwa kiasi cha mita 1.2. Madirisha yameinama, milango imeinama, na ukutani zimeegemezwa nguzo nene za matofali ili isiendelee kwenda chini.

Jina lake la kwanza, ilipofunguliwa kuwa baa miaka ya 1830, lilikuwa Siden House. Siden ni lahaja ya watu wa kule. Ni kitu kilichopinda, kilichokwenda upande. Yaani wanywaji waliiita kwa kile walichokiona. Baadaye ikabadilishwa jina ikawa The Glynne Arms, kwa heshima ya Sir Stephen Glynne, mwenye ardhi. Ndiyo desturi ya nchi hii: baa nyingi zimebeba jina la bwana mkubwa wa eneo, na ubaoni imechorwa nembo ya ukoo wake. Sir Stephen mwenyewe makao yake yalikuwa Wales, kwenye kasri la Hawarden. Dada yake, Catherine, aliolewa mwaka 1839 na William Gladstone, yule aliyekuja kuwa waziri mkuu wa Uingereza mara nne. Familia ilikuwa na mradi wa makaa, chuma na matofali ulioitwa Oak Farm, huku huku jirani na Himley, na mradi ule ulipofilisika mwaka 1847 nusura uwachukulie kila walichonacho. Gladstone alihangaika miaka mingi kuyalipa madeni ya shemeji yake.

Nimeyaeleza haya kwa kirefu kwa sababu moja. Jina la Sir Stephen lilikaa juu ya mlango ule muda mrefu sana, na halikuingia midomoni mwa watu. Wajukuu wa wale walioiita Siden House waliendelea kuiita iliyopinda, ila kwa Kiingereza ambacho hata mgeni angekielewa: The Crooked House, Nyumba Iliyopinda. Mwisho wake hilo ndilo lililorudi ubaoni. Mimi hilo linanifurahisha mpaka leo. Bwana mwenye ardhi alikuwa na hati, na wachimba makaa hawakuwa na kitu isipokuwa midomo yao, na jina lililobaki ni la wachimba makaa.

Kwani ilipindaje? Ilijengwa mwaka 1765, nyumba ya shamba ya kawaida, imesimama wima. Lakini ardhi ya huko ina tabaka la makaa ya mawe ambalo mahali pengine unene wake unafika mita 9, na halikuwa mbali sana na uso wa ardhi. Mwanzoni mwa karne ya 19 wakachimba chini ya nyumba na kuizunguka. Ukitoa makaa ya unene ule, panabaki uwazi, na dari ya mgodi ikishuka, ardhi ya juu nayo inashuka. Ingeshuka sawasawa pande zote pengine nyumba ingepasuka vipande au isingeonyesha kitu. Ilishuka upande mmoja tu, polepole, na nyumba ikaenda nayo bila kuanguka.

Mimi nilifika pale kwa sababu ya kazi. Nilikuwa nafanya kea, kazi ya kuhudumia wazee majumbani mwao, kama Watanzania na Wakenya wengi tulioko huku. Mmoja wa wazee wangu alikuwa mtu wa Gornal, mwendo mfupi kutoka Himley. Aliingia mgodi wa Baggeridge akiwa kijana mdogo na alikuwepo ulipofungwa, tarehe 2 Machi 1968, mgodi wa mwisho wa Black Country. Huku mtu mzima unamwita kwa jina lake la kwanza hata kama ni wa umri wa babu yako. Mdomo wangu ulikataa. Nikawa namwita Mzee. Aliuliza maana yake, akalipenda, akataka hata binti yake amwite hivyo. Yeye aliniita bab, kama watu wa kule wanavyomwita mtu waliyemzoea.

Mzee alikuwa amefiwa na mke, magoti yamechoka, na kifua kimejaa vumbi la mgodi. Kwenye ratiba yake palikuwa na saa chache za kumtoa nje. Wenzangu walikuwa wakimpeleka madukani, naye anarudi amenuna. Nilipomuuliza mwenyewe anataka kwenda wapi, alisema Crooked House. Nikamweleza kwamba mimi si mtu wa baa. Akaniambia hata chai wanauza.

Na kweli walikuwa wanauza. Nilichokikuta ndani ndicho kilichonifanya nirudi. Kizingiti unakivuka ukiwa umeshika mlango, maana sakafu inakuvuta upande mmoja na macho yanakwambia unavutwa upande mwingine. Kulikuwa na saa ndefu ya kusimama ambayo uliiona imeinama vibaya, kumbe yenyewe ndiyo iliyokuwa wima na ukuta ndio ulioinama. Mzee alinikalisha kwenye meza moja yenye ukingo wa mbao, akaomba gololi kaunta. Wageni wote walikuwa wakiiomba gololi hiyo. Akaiweka upande ule niliouona uko chini. Akaiachia. Gololi ikaanza kupanda. Ilikwenda taratibu, haikusita, ikapanda mpaka mwisho na kugonga ukingo wa juu.

Nikamwambia arudie. Akarudia, anacheka mpaka kifua kikambana. Halafu akanieleza, kwa subira ya mtu aliyewaeleza wengi. Gololi haipandi. Inateremka kama gololi zote duniani. Macho yako ndiyo yamedanganywa: yamezoea kuamini kwamba dirisha limenyooka, dari imelala sawa, kona ya ukuta imesimama wima, na hapa hakuna hata kimoja kilichonyooka. Kwa hiyo meza inayoteremka kidogo kwenda kulia wewe unaiona inapanda kwenda kulia, kwa kuwa chumba kizima kimeinama zaidi ya meza. Alisema chini mgodini walikuwa na njia kama hizo. Walijifunza kuyaamini maji yanakokimbilia, si macho.

Basi tukawa watu wa pale. Nilijifunza taratibu zake. Wazee walikuwa na viti vyao, na hakuna aliyekaa kwenye kiti cha mwingine hata kama mwenyewe hayupo. Mtu aliagiza nusu painti ya bia na kukaa nayo saa nzima. Pombe ilikuwepo, sikatai, lakini wengi wa wale wazee walichofuata ni kuulizwa hali. Nani amelazwa, nani amepata mjukuu, nani ana paa linalovuja na kijana gani atapanda kulitazama. Mtu asipoonekana, mwingine alimpitia nyumbani. Kwetu kazi hiyo inafanywa na baraza nje ya nyumba, kahawa na bao. Kule, penye baridi na mvua, ilibidi baraza liwe ndani. Nilipolielewa hilo sikuona tena aibu kukaa pale na chai yangu na kilemba changu, na hakuna siku nilitazamwa vibaya.

Siku moja waliniuliza kwetu ni wapi hasa. Nilizoea kujibu Tanzania tu, lakini pale, mbele ya wachimba migodi, nilitaja Mwadui. Kukawa kimya kidogo, halafu bibi mmoja akasema: almasi ya Malkia! Alikuwa anaijua. Mwadui ni mgodi wa John Williamson, mjiolojia wa Kanada aliyeugundua mwaka 1940, na mwaka 1947 Binti Mfalme Elizabeth alipoolewa, Williamson alimtumia zawadi ya almasi ya waridi iliyotoka pale, ya karati 54.5 kabla haijakatwa. Ikakatwa ikabaki karati 23.6, na mwaka 1953 ikawekwa katikati ya bruchi, pambo la kubana kwenye nguo, yenye umbo la ua. Bibi yule aliikumbuka kutoka kwenye picha za magazeti. Alinishika mkono na kunitazama upya. Mimi niliyekulia kwenye vumbi la mgodi ule sikuwahi kukutana na mtu wa Uingereza anayelijua jina la kwetu, na nilikutana naye kwenye baa iliyopindishwa na mgodi wa kwao.

Kuanzia hapo Mzee alikuwa akiniuliza habari za Mwadui kama za jamaa zake. Novemba 2022 bwawa la tope la mgodi ule lilipopasuka na tope kufunika mashamba na makazi, alikuwa hatoki tena kitandani. Aliomba nimwonyeshe picha kwenye simu. Alizitazama moja moja, muda mrefu, na swali lake la kwanza lilikuwa nani atawajengea nyumba zao, na kama kuna mahali palipoandikwa. Sikulitilia maanani neno lile, kama kuna mahali palipoandikwa, mpaka mwaka uliofuata.

Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa, na nyumba ile haikusimama kwa bahati. Katika miaka ya 1940 ilitangazwa kuwa hatari, ibomolewe. Kampuni ya pombe ya Wolverhampton and Dudley Breweries ndiyo iliyoamua kuiokoa: wakaweka vyuma, wakajenga zile nguzo za kuegemeza, wakaizuia ilipofikia. Hawakujaribu kuinyoosha. Huo ndio uamuzi ninaousifu zaidi katika historia yake yote, maana fundi yeyote angeshawishika kuirudisha wima, na kuirudisha wima kungekuwa kuiua. Walitambua kwamba kasoro ndiyo mali. Watu wakaja kutoka kila pembe kuona gololi ikipanda.

Mzee alifariki mapema mwaka 2023. Miezi hiyo hiyo baa iliwekwa sokoni kwa bei ya kuanzia pauni 675,000. Bado naikumbuka sauti ya binti yake kwenye simu aliponiambia, kwa kuwa alitaka tujue kabla ya wengine, kana kwamba ni habari ya familia. Wakati huo tulidhani atakuja mtu mwingine wa baa, abadilishe menyu na kupaka rangi. Julai tukasikia imeuzwa. Milango ilikuwa imeshafungwa.

Moto uliwaka usiku wa Jumamosi ile ya Agosti. Magari ya zimamoto yalikuta kifusi cha udongo kimezuia njia, ikabidi mipira ya maji ivutwe kutoka mbali. Kulipokucha, paa lilikuwa limekwenda, lakini kuta zilikuwa zimesimama. Nataka hilo lieleweke vizuri: nyumba iliyokaa imeinama kwa miaka karibu 200 iliungua usiku kucha na bado kuta zake zilikuwepo asubuhi. Jumatatu likaletwa tingatinga na kuta zile zikashushwa zote. Halmashauri ya South Staffordshire ilitamka kwamba ilikubali sehemu chache tu za ghorofani ziondolewe kwa usalama wa watu, na haikukubali nyumba nzima ivunjwe. Siku hazikupita nyingi polisi wakasema wanauchukulia moto ule kuwa wa kuwashwa makusudi, na watu kadhaa wakakamatwa. Hayo ni ya vyombo vya sheria, nami nayaacha huko.

Wiki ile nilikwenda na binti wa Mzee. Kijia kilikuwa kimejaa watu waliosimama tu. Wengine wamekuja na picha za harusi zilizopigwa mbele ya mlango ulioinama. Kijana mmoja amevaa nguo za kazi alikuwa akimweleza mtoto wake habari ya gololi kwa mikono, akionyesha hewani meza ilivyokuwa. Rundo la matofali lilikuwa refu kuliko mtu, na harufu ya mbao zilizoungua na kumwagiwa maji ilikaa kwenye nguo zangu mpaka nilipozifua. Binti wa Mzee hakulia. Alikuwa na hasira, na swali lake lilikuwa moja: ilikuwaje nyumba maarufu namna hii isiwe na ulinzi?

Tulilitafutia jibu, sisi wawili, jioni kwa jioni baada ya kazi. Na hapa ndipo penye somo lenyewe.

Uingereza ina orodha ya taifa ya majengo yanayolindwa kwa umuhimu wake. Jengo likiwa kwenye orodha hiyo, kulibomoa bila kibali maalumu ni jinai. Maombi ya kuliingiza jengo yanaweza kupelekwa na mtu yeyote, hata asiye raia, na hayalipiwi. Nyumba Iliyopinda haikuwemo. Miaka yote ile ya postikadi, ya watalii, ya watoto wa shule na gololi, haikuwemo. Ombi la kuiingiza lilipelekwa muda mfupi tu kabla ya moto. Tulipowauliza wazee wa pale, kila mmoja alitujibu vilevile: alidhani imo. Ilikuwa maarufu mno hata hakuna aliyefikiri kuangalia. Umaarufu wenyewe ndio uliowalaza.

Na karatasi zingeweza kusaidia kiasi gani? Tulikuta mfano wake London. Carlton Tavern, baa ya mtaa wa Maida Vale iliyojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, ilibomolewa ghafla Aprili 2015 bila kibali. Lakini majirani wa pale walikuwa wameshashtuka mapema. Walikuwa wameshaomba ilindwe, na kwa ajili ya ombi hilo jengo lilikuwa limeshachunguzwa na kupigwa picha kwa kina. Halmashauri ya Westminster iliamuru ijengwe upya ilivyokuwa, tofali kwa tofali, na mwenye jengo alipopinga, akashindwa. Ilifunguliwa tena Aprili 2021. Kumbukumbu zile ndizo zilizowezesha amri itekelezeke. Huwezi kumlazimisha mtu arudishe kitu ambacho hakuna anayeweza kuthibitisha kilikuwaje. Tangu mwaka 2017 sheria ya England inataka kibali cha mipango miji kabla ya kuvunja baa yoyote, iwe kwenye orodha au isiwe. Kwa hiyo hata Nyumba Iliyopinda haikuwa uchi kabisa. Ila kibali cha aina hiyo humfuata mtu baada ya tendo, na baada ya tendo kuta ziko chini.

Tarehe 27 Februari 2024 halmashauri ya South Staffordshire ilitoa amri kwamba Nyumba Iliyopinda ijengwe upya kama ilivyokuwa kabla ya moto, ndani ya miaka 3. Wenye mali wakakata rufaa. Matofali, maelfu ya hayo, yalikusanywa na kuhifadhiwa, na watu wamekuwa wakichangia picha zao: ile ya harusi, ile ya mtoto ameshika gololi, ile ya babu kwenye kiti chake. Picha yenye kona ya dirisha inaonyesha dirisha liliinama kiasi gani. Binti wa Mzee alipeleka zote alizokuwa nazo. Kuna wanaouliza kama kweli nyumba iliyopinda inaweza kujengwa imepinda, kama haitakuwa mwigo tu. Mimi nasema ijengwe. Wale wa miaka ya 1940 nao walijenga nguzo ambazo hazikuwepo mwaka 1765, na hakuna aliyesema baa imekuwa ya uongo.

Nilipokuwa naisoma sheria ya huku nilijiuliza ya kwetu ikoje, nikaitafuta. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ni ya mwaka 1964, na majengo inayoyalinda moja kwa moja kwa ajili ya umri wake ni yale ya kabla ya mwaka 1863. Lililojengwa baada ya hapo linahitaji kutangazwa rasmi ndipo lilindwe. Sasa fikiria kumbi za dansi za miji yetu, vilabu vya wafanyakazi wa migodini na relini, majumba ya sinema, migahawa ambayo wazazi wetu walikutania. Yote ni ya karne ya 20. Yanaondoka moja moja, jina linabaki kwa kondakta wa daladala anayetangaza kituo, na abiria wa miaka 20 hajui kwamba pale palikuwa na nyumba na watu. Nimeanza kumpigia shangazi yangu aliyeko Mwadui kila wiki, ananisimulia klabu ya wafanyakazi ya enzi za Williamson ilivyokuwa, nani alikaa wapi, muziki gani ulipigwa, nami naandika. Amenitumia picha mbili ambazo hakuna mtu mwingine ukoo mzima aliyekuwa anajua zipo.

Huku Dudley tumefanya jambo moja. Mtaani kwetu kuna baa ndogo, jengo lake halina ajabu yoyote, limenyooka. Wazee waliokuwa wakienda Himley wengi wamehamia hapo. Tukasikia tetesi za kuuzwa. Kuna utaratibu wa halmashauri, uliotokana na sheria ya mwaka 2011, wa kulisajili jengo kuwa mali yenye thamani kwa jamii. Haulizuii jengo kuuzwa. Unachofanya ni kwamba likisajiliwa, mwenye nalo akitaka kuuza lazima aitaarifu halmashauri; wanajamii wanapewa wiki 6 za kusema kama wanataka kulinunua wao, na wakisema ndiyo, wanapata muda wa jumla wa miezi 6 kutafuta fedha kabla ya mwingine kuuziwa. Ombi linahitaji ramani yenye mipaka ya jengo, jina la mwenye mali, maelezo ya jinsi watu wanavyolitumia, na kama hamna chama kilichosajiliwa, majina ya watu 21 walioko kwenye daftari la wapiga kura la eneo hilo.

Nilidhani sehemu ya majina hainihusu. Binti wa Mzee ndiye aliyenifungua macho: raia wa nchi za Jumuiya ya Madola wanaoishi hapa kihalali wanaruhusiwa kujiandikisha kupiga kura, na Tanzania imo, Kenya imo, Uganda imo. Wengi wetu hatujui, tunalipa kodi ya halmashauri kila mwezi na tunakaa nje ya daftari. Nilijiandikisha, na nikawaambia wenzangu wa kea nao wajiandikishe. Kwenye fomu ile tuko Waafrika Mashariki wanne kati ya majina 21, na mmoja wetu ni mama wa Kisumu ambaye, kama mimi, anakunywa chai tu.

Maelezo ya matumizi niliyaandika mimi. Niliandika nani anakaa wapi, siku gani wanakutana, nani anampitia nani asipoonekana, na nikaambatisha picha za vyumba vyote, kila kona, na vipimo vya milango tulivyovichukua kwa futi ya fundi. Halmashauri ina wiki 8 za kujibu ombi la namna hiyo. Letu lilikubaliwa. Usajili unadumu miaka 5, halafu lazima uombwe upya, na tarehe hiyo imeandikwa kwenye simu yangu, kwenye simu ya binti wa Mzee, na kwenye daftari lililoko nyuma ya kaunta.